Tusishindane na Vietnam Pale Ilipo na Nguvu: Hotuba kwa Wabanguaji wa Korosho, Mtwara

Mwenyekiti, viongozi wa vyama vikuu vya ushirika na wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima), wamiliki wa viwanda, akina mama wa vikundi vya ubanguaji, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie mkakati wa kushindana katika soko la dunia. Kabla sijaanza nina ombi moja: leo tusiseme "kuongeza thamani". Tumeyasema maneno hayo katika kila semina, tumeyapigia makofi, halafu Oktoba ikifika meli zinapakia korosho ghafi kama kawaida. Korosho haipandi thamani kwa sababu tu imebanguliwa. Inapanda pale anapopatikana mtu wa kulipa zaidi ya gharama ya kuibangua. Vipo viwanda katika nchi hii vilivyoshusha thamani ya korosho: iliingia nzuri, ikatoka vipande. (Kicheko.) Mnacheka kwa sababu mnavijua.

Tuanze na hesabu. Nitatumia bei za mfano, kila mmoja aweke za kwake. Tuseme korosho ghafi imefika kiwandani kwako kwa shilingi 3,000 kwa kilo. Mkaguzi wa ubora anakwambia mzigo una pauni 50 za kiini kwa gunia la kilo 80. Hiyo ni kama asilimia 28, na wengi huishia hapo, wakaiandika asilimia 28 kwenye andiko la mkopo. Lakini pauni hizo zimepimwa kiini kikiwa bado na ngozi yake na unyevu wake. Ukishakausha na kumenya, unabaki na asilimia 22 au 23. Kwa hiyo kilo moja ya kiini imekula karibu kilo nne na nusu za ghafi. Mimi nitachukua 4.4. Shilingi 13,200 zimekwenda kabla hujawasha boila.

Haya, sasa uza. Kiini kizima cheupe cha W320, yaani daraja ambalo pauni moja ina viini kama 320, tuseme kinauzwa shilingi 16,500 kwa kilo, na vipande kwa wastani wa shilingi 9,000. Kama katika kilo mia unapata sabini nzima na thelathini vipande, wastani wako ni shilingi 14,250 kwa kilo. Umebakiwa na 1,050, na humo humo watoke wafanyakazi, umeme, katoni, riba ya benki na gari la kwenda bandarini. Sasa shusha vile vizima kutoka sabini hadi hamsini na tano. Wastani unakuwa 13,125. Umeuza kiini kwa bei ya chini kuliko ya korosho uliyonunua, na hujamlipa mtu hata mmoja.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kiwanda chake kitashindana vipi duniani, swali langu la kwanza huwa: unapata vizima vingapi? Nashangaa ni wangapi hawana jibu. Wanajua wamebangua tani ngapi na wamechukua mkopo kiasi gani. Ila mvuke ulipita dakika ngapi, korosho ilipumzishwa muda gani kabla ya kukatwa, na kama ilichambuliwa kwa ukubwa kwanza ili kisu kisikate ndogo kwa kipimo cha kubwa, hayo anaachiwa msimamizi wa zamu na Mungu. Mkakati wa soko la dunia unaanzia hapo kwenye kisu, kabla ya maonyesho ya biashara ya Dubai na kabla ya tovuti.

Ndugu zangu, nchi hii si mara ya kwanza kutaka kubangua. Msimu wa 1973/74 tulivuna takriban tani 145,000, tukiwa miongoni mwa wakubwa kabisa duniani pamoja na jirani zetu wa Msumbiji. Tukakopa Benki ya Dunia, tukajenga viwanda: Newala, Masasi, Lindi, Tunduru, Kibaha na kwingineko, kumi na viwili kwa jumla. Mitambo ikatoka Italia na Japani. Wakati viwanda vinakamilika, korosho zenyewe zilikuwa zinatoweka. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa na kuacha mikorosho mbali, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukaingia, bei ya mkulima ikawa haimlipi hata kupalilia. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Viwanda vingine havikufanya kazi ipasavyo hata msimu mmoja, na baadaye majengo mengi yakawa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi inayosubiri meli. Wazee waliopo hapa waliyaona.

Wanaosimulia habari hiyo huishia kwa ubwiriunga na sera za wakati ule. Ni kweli, lakini mimi naona na jingine. Mitambo ilichaguliwa kabla mnunuzi hajajulikana. Ilikuwa mikubwa, ya kubangua kwa wingi, na vipande vilikuwa vingi mno kulinganisha na kazi ya mikono ya akina mama wa Kollam kule Kerala. Hata kama korosho zingejaa, bado tungepeleka sokoni kitu ambacho mnunuzi anakilipia nusu bei. Leo naona andiko la mradi linaanza na picha ya mashine, nawaza yale majengo.

Sasa tuje kwa mshindani. Vietnam tunaitaja sana, kwa hasira kidogo. Mwaka 2006 iliipita India na kuwa ya kwanza duniani kwa kuuza viini nje. Mwaka 2024 mauzo yake ya korosho yalizidi dola bilioni 4. Nchi hiyo haikuwa na historia ndefu ya korosho kuliko sisi. Ilianza ubanguaji kwa nguvu miaka ya 1990, viwanda vikajazana mkoa wa Bình Phước na jirani zake, mafundi wao wenyewe wakaanza kuunda mashine za kukata na za kumenya, zikaboreshwa mwaka hadi mwaka na watu wanaoishi barabara moja na kiwanda. Mashine ikiharibika saa nne asubuhi, saa sita fundi amefika. Sisi kifaa kikivunjika tunatuma barua pepe.

Lakini angalieni jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mnunuzi wa Vietnam na wa India tunakutana naye mara mbili. Kwanza mnadani, ambako kwa sasa bei zinashindanishwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, na yeye ananunua korosho ile ile unayoitaka wewe. Kisha tunakutana naye kwa mkaangaji wa Ujerumani au Marekani, ambako anauza kiini na wewe unauza kiini. Mnadani bei inapangwa na yule mwenye gharama ndogo zaidi ya kubangua, kwa sababu ndiye anayeweza kupanda zaidi. Akipanda, wewe unamfuata au unabaki na kiwanda kitupu. Riba ya mkopo wake ni ndogo kuliko yako, mafuta ya maganda ameshapata wa kumuuzia, na mashine zake hazilali. Ukiamua kupambana naye kwa W320 ya kawaida, ya kujaza makontena kwa bei ya siku, umeamua kupambana naye uwanjani kwake.

Hapa ndipo naliona neno mkakati lina maana. Mkakati ni kuamua utauza wapi, na zaidi ya hapo, wapi hutauza hata ukiitwa.

Kwa hiyo tumtazame huyu bwana kwa utulivu: ni wapi asipotuweza?

Udhaifu wake wa kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya korosho anayobangua si yake. Anaitoa Afrika Magharibi, kwetu na Kambodia. Korosho yetu inakaa wiki nyingi kwenye kontena la chuma, inapita joto na unyevunyevu wa bahari, inafika kule na kuchanganywa na ya nchi nyingine. Wewe unaweza kubangua korosho iliyovunwa Tandahimba mwezi uliopita. Mkaangaji anayejua kazi yake anaionja tofauti hiyo, na rangi ya kiini inaonyesha. Ila atalipia tofauti hiyo kama tu amehakikishiwa kwamba ataipata na mwakani.

Wa pili ni kalenda. India, Vietnam na Afrika Magharibi kote wanavuna kati ya Februari na Juni hivi. Sisi tunavuna Oktoba hadi Januari. Kwa miezi kadhaa, korosho mpya duniani ni ya kusini mwa ikweta: hasa yetu, ya Msumbiji, na ya Brazil ambako mti wenyewe ulitoka. Wanunuzi wa ghafi wanalijua hili vizuri, ndiyo maana mnadani wanakimbilia Novemba. Sisi tunaobangua tunalitumia kidogo sana. Tunasubiri mkopo utoke, tunanunua mwishoni mwa msimu yale yaliyobaki, tunaanza kubangua Machi, wakati Afrika Magharibi nayo imeshafungua. Faida yetu ya pekee ya hali ya hewa tunaiacha ipite huku tukingoja sahihi ya meneja wa tawi. Wenzetu wa benki mliopo, nawaona, msiniangalie hivyo. (Makofi.) Stakabadhi ya ghala, ile hati ya mzigo uliowekwa ghalani, ni dhamana. Mfumo huu upo kwa korosho tangu msimu wa 2007/08. Kiwanda kinachojulikana kitahitaji tani 300 kinaweza kukubaliwa mkopo Agosti na kuutumia mnada wa kwanza.

Wa tatu nitaukalia kidogo, kwa sababu kila nikiusema watu hawaniamini. Ni daftari la AMCOS. Mfumo wa stakabadhi ghalani umelaumiwa sana, na lawama nyingine ni za haki: makato, malipo kuchelewa, magunia kutopatikana. Lakini umetuachia kitu ambacho wengi wa washindani wetu hawana. Mkulima amesajiliwa, mzigo wake umepimwa na kuandikwa jina, chama chake kinajulikana, ghala linajulikana. Wakaangaji na maduka makubwa ya Ulaya wanazidi kuuliza korosho imetoka kwa nani, nani aliibangua, alilipwaje. Kiwanda cha Bình Phước kilichochanganya mzigo wa nchi nne hakiwezi kujibu. Wewe unaweza kujibu kwa kufungua daftari. Kwa sharti kwamba mzigo wa chama kimoja usichanganywe na mwingine ukifika kiwandani, na kwamba kangomba haikupita katikati, maana korosho iliyonunuliwa kichochoroni kwa bakuli haina jina wala kijiji.

Sasa soko gani? Marekani na Ulaya ndizo wanunuzi wakubwa wa viini wa siku zote, na Falme za Kiarabu zinanunua kwa wingi, nyingine zikipitishwa kwenda kwingine. Wengi tunaanza kwa kuota Ulaya. Mimi nashauri mtu mdogo aanze karibu: hoteli za Zanzibar, maduka makubwa ya Dar es Salaam na Nairobi, wafanyabiashara wa Muscat na Dubai ambao tayari wana ndugu hapa pwani. Huko unaweza kuuza kilo mia tano, ukalipwa, ukalalamikiwa, ukarekebisha. Malalamiko ya Nairobi yanakugharimu nauli ya basi. Malalamiko ya Hamburg yanakugharimu kontena.

Na kontena lenyewe tulijue. Kontena la futi 20 linabeba katoni 700 za pauni 50, yaani karibu tani 16 za kiini. Mnunuzi mkubwa anataka kontena la daraja moja. Katika ubanguaji wa kawaida, tuseme W320 ni theluthi ya viini vyako. Ili upate tani 16 za W320 lazima uwe na tani 48 za viini vya kila aina, na kwa hizo umebangua zaidi ya tani 200 za ghafi. Kikundi cha akina mama thelathini hakifiki huko kwa miezi mingi, na katoni za kwanza zitakuwa zimezeeka. Ndiyo maana viwanda vidogo vitano vikiuza kila kimoja kivyake, vyote vitano vinauza kwa dalali. Vikikubaliana daraja moja, mizani moja, unyevu mmoja, kausho moja, vinajaza kontena mwezi huo huo.

Najua "tuungane" ni neno linalochosha. Sisemi muunganishe mali wala akaunti. Nasema mkubaliane juu ya trei ya sampuli. Wekeni trei moja, yenye viini ambavyo wote mmevikubali kuwa ndiyo W320 yetu, kila kiwanda kiwe na ya kwake, na katoni isiyofanana na trei isipande gari. Ugonjwa unaoua biashara yetu ya nje ni sampuli iliyochaguliwa kwa mkono, kiini kimoja kimoja, ikatumwa kwa ndege, halafu nyuma yake ukaja mzigo wa kawaida. Mnunuzi akidanganywa hivyo hagombani. Anaandika barua ya adabu, analipa pungufu, na harudi. Miaka kumi baadaye kijana mwingine wa Mtwara anapiga simu kule, anaambiwa "asante, tuna wauzaji wa kutosha", hajui kosa lilifanywa na nani.

Kuhusu usalama wa chakula sitasema mengi kwa kuwa wataalamu wapo. Sumukuvu: kwa korosho ya kuliwa moja kwa moja Ulaya inaruhusu mikrogramu 4 tu kwa kilo kwa jumla, na 2 kwa ile aina ya B1 iliyo kali zaidi. Hiyo si sheria ya kukukomoa wewe, wote wanapimwa nayo. Unyevu wa kiini usizidi asilimia 5. Nywele, chuma, wadudu, basi, mnajua. Ithibati ni ghali kwa kiwanda kimoja, na hapa tena vitano vikiajiri mtu mmoja wa ubora gharama inabebeka.

Na maganda. Nyuma ya karibu kila kiwanda nilichotembelea kuna kilima cha maganda. Mafuta yake yanaingia kwenye rangi na kwenye breki za magari, na wenzetu wanayauza. Katika zile shilingi 1,050 nilizozitaja mwanzo, hata shilingi mia mbili za maganda zinaonekana. Wasio na mtambo wa kukamua wachome maganda kwenye boila badala ya kuni.

Mtaniuliza, na serikali? Ina sehemu yake, na mifano ipo jirani. Msumbiji katikati ya miaka ya 1990 ilishinikizwa kupunguza ushuru wa kusafirisha ghafi, viwanda vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakapoteza kazi. Baadaye ikarudisha ushuru na sehemu ya viwanda ikafufuka. Ivory Coast, inayovuna zaidi ya tani milioni moja, imekuwa ikiwapa wabanguaji ruzuku na imeongeza sana sehemu inayobanguliwa ndani. Kwetu msimu wa 2024/25 mavuno yalivuka tani 500,000, na serikali imetamka nia ya kuacha kusafirisha ghafi. Naiunga mkono nia hiyo, kwa woga. Ukifunga mlango wa ghafi kabla viwanda havijaweza kupata vizima sabini, mkulima wa Nanyamba ndiye atakayelipia vipande vyetu, kwa bei ndogo shambani. Novemba 2018 wanunuzi walipokataa kupandisha bei, serikali ilitangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaikusanya. Maghala yalijaa, na kila mtu aliona uwezo wetu wa kubangua ulivyokuwa mdogo mbele ya mzigo ule. Miaka imepita, viwanda vimeongezeka, lakini sijasikia kiwanda kikitangaza hadharani asilimia yake ya vizima. Wanatangaza tani.

Kwa hiyo naomba tuondoke na kazi badala ya azimio. Msimu unafunguliwa Oktoba. Kabla ya hapo kila kiwanda kibangue kilo mia tano za korosho ya mwaka huu, kihesabu vizima, nusu na vipande, kwa kila daraja, na kiandike. Bila aibu. Chini ya sitini, usikope kununua ghafi msimu huu. Kopa kumleta fundi. Kati ya sitini na sabini, uza ndani ya nchi na Nairobi. Waliovuka sabini wakae pamoja wiki hii hii, wachague mnunuzi mmoja na daraja moja, ikiwezekana zile kubwa za W240 kwenda juu ambazo duniani ni chache, na wamwambie ukweli: tunaweza kontena moja kila mwezi kuanzia Januari hadi Juni, baada ya hapo hatuna. Mnunuzi mzito haogopi kuambiwa "hatuna".

Mezani pale nimeweka trei sita bila majina, tatu ni za viwanda vya hapa na tatu zimenunuliwa nje. Pitieni, mziweke kwa mpangilio wa bei mnayodhani, kisha nitawaambia ipi imetoka wapi na iliuzwa kiasi gani. Nipo hapa mpaka saa kumi. Mwenye hesabu za kiwanda chake aje nazo, na kama hana, aje na msimamizi wake wa zamu.